Msito wa Pumzi Usingizini na Mvurugiko wa Mapigo ya Moyo: Historia ya Dhana na ya Majina Yake

Kikaratasi kimoja cha maelezo kwa wagonjwa, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kiliwahi kuletwa kwa mwandishi wa makala haya ili kihakikiwe. Kilikuwa na kurasa nne tu, lakini ndani ya kurasa hizo ugonjwa mmoja ulikuwa umepewa majina matatu. Katika ukurasa wa kwanza uliitwa "ugonjwa wa kukoroma". Katika wa pili, "kukata pumzi usingizini". Katika wa tatu mfasiri, pengine kwa kuchoka, aliandika "jinamizi". Ukurasa wa nne ulieleza kwamba ugonjwa huo "husababisha mshtuko wa moyo". Maandishi ya asili hayakusema hivyo hata kidogo. Yalisema kwamba ugonjwa huo huambatana na kuvurugika kwa mpangilio wa mapigo ya moyo, jambo ambalo si mshtuko wa moyo, kama vile pumu isivyokuwa kifua kikuu ingawa yote mawili ni maradhi ya kifua.

Hata hivyo si haki kumlaumu mfasiri peke yake. Jambo alilotakiwa kulitaja lilichukua zaidi ya miaka 150 kutambuliwa huko Ulaya na Marekani, na katika muda huo lilipewa majina yasiyolifaa, au halikupewa jina lolote. Historia hiyo yafaa isimuliwe katika kurasa za istilahi, kwa sababu ndani yake yaonekana waziwazi jinsi jina linavyoweza kuyaelekeza macho ya wataalamu mahali pasipo na kuyaweka huko kwa miaka mingi.

Mwaka 1818 daktari John Cheyne, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Dublin, aliandika habari za mgonjwa wake mwenye umri wa miaka 60. Aliona kwamba pumzi za mgonjwa huyo zilisimama kabisa kwa muda wa kama robo dakika, kisha zikaanza tena kidogo kidogo, zikakua mpaka akawa anahema kwa nguvu, halafu zikafifia na kusimama tena. Mgonjwa alipofariki na mwili wake kupasuliwa, moyo ulionekana kuwa na maradhi. Mwaka 1854 William Stokes, wa Dublin pia, aliieleza hali hiyo katika kitabu chake cha maradhi ya moyo, na tangu hapo pumzi za namna hiyo zimebeba majina ya mabwana hao wawili. Jina la kumuenzi mtu halimwambii mfasiri chochote kuhusu kitu chenyewe, lakini angalau halimpotoshi. Msomaji azingatie kwamba tangu mwanzo pumzi inayosimama na moyo ulio mgonjwa vilionekana katika kitanda kimoja.

Lakini hiyo ilikuwa namna moja tu ya kusimama kwa pumzi, ile ambayo ubongo wenyewe hausemi na kifua. Namna ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ilielezwa mwaka 1877 na William Henry Broadbent wa London. Huyu alisema kwamba mtu, hasa mzee, akilala chali na kukoroma kwa sauti kubwa, mara kwa mara hutokea kwamba pumzi inashindwa kupita kooni. Hapo huwa kimya kabisa kwa muda wa pumzi mbili, tatu au nne, huku kifua kikiendelea kutaabika bure. Mwishowe hewa huingia kwa mkoromo mkubwa, na mlalaji huvuta pumzi ndefu kadhaa kama mtu anayelipa deni. Mpaka leo ni vigumu kuyaeleza mambo hayo vizuri kuliko alivyoyaeleza Broadbent. Ila hakuyapa jina. Kwa kuwa hayakuwa na jina, hayakuingia katika faharasa ya kitabu chochote cha kufundishia, na yakasahauliwa kwa muda wa karibu miaka 90.

Jina lililokuja baadaye lilitoka mahali pasipotarajiwa, yaani katika riwaya. Charles Dickens, katika kisa chake cha Bwana Pickwick kilichotoka kwa sehemu mwaka 1836 na 1837, alimchora kijana mtumishi aitwaye Joe, mnene kupita kiasi, ambaye husinzia hata akiwa amesimama kazini. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mashuhuri William Osler aliwafananisha na kijana huyo baadhi ya wagonjwa wanene wenye kusinzia. Mwaka 1956 Burwell na wenzake wa Boston wakaufanya mfano huo kuwa istilahi. Mgonjwa wao alikuwa mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 51 na uzito wa zaidi ya kilo 115. Kilichompeleka hospitali ni kwamba, akicheza karata za kamari huku ameshika mkono wa kushinda, alisinzia na bahati ikampita. Madaktari waliiita hali yake dalili za Pickwick.

Hapa ndipo penye funzo kwa watu wa kazi yetu. Jina hilo lilipendeza, likakaririwa, likaenea. Lakini lilikuwa limetaja mambo mawili tu, unene na kusinzia, na yote mawili huonekana mchana. Basi madaktari waliutafuta ugonjwa kwa watu wanene, na wakatafuta sababu ya usingizi katika hewa chafu ya kaboni inayojaa katika damu yao. Watu wembamba walipitwa, na wanawake wengi kadhalika. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeketi kando ya kitanda usiku kumtazama mlalaji akilala, ingawa mke wa mgonjwa angeweza kuwaambia mengi.

Walioketi walikuwa watu wa fani nyingine. Hans Berger wa Ujerumani alikuwa amekwisha kutangaza mwaka 1929 njia ya kuchora umeme wa ubongo wa mwanadamu, na kwa njia hiyo usingizi ukaanza kuchunguzwa usiku kucha. Mwaka 1965 makundi mawili, la Gastaut na wenzake huko Marseille, Ufaransa, na la Jung na Kuhlo huko Freiburg, Ujerumani, kila moja kivyake, yaliwalaza wagonjwa wa dalili za Pickwick na kupima pumzi zao pamoja na umeme wa ubongo. Pumzi zilisimama tena na tena usiku mzima, na kila zilipoanza upya ubongo uliamka kwa nukta chache bila mwenyewe kujua. Kumbe kusinzia kwa mchana kulikuwa ni njaa ya usingizi wa usiku! Katika Kiswahili tunasema juu ya mtu anayekoroma kwamba amelala usingizi wa pono. Mlalaji wa Marseille hakuwa amelala usingizi wa pono. Alikuwa na malepe ya usingizi, mamia kwa usiku mmoja.

Mwaka 1969 Kuhlo na wenzake walitoa habari za kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa kutoboa tundu shingoni, chini ya koromeo, na kupachika mrija wa kupitishia hewa. Tiba ilikuwa kali, lakini ilithibitisha kwamba kizuizi kiko kooni. Huko Bologna, Italia, Elio Lugaresi na wenzake walipima shinikizo la damu la walalaji na kuona kwamba lilipanda kwa kila pumzi iliyosimama. Mwaka 1972 wataalamu walikutana Rimini kujadili mambo hayo, na mwaka huohuo Mfaransa Christian Guilleminault alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ni yeye na wenzake ambao mwaka 1973 waliandika juu ya watu wenye shida hiyo wasiolingana kabisa na picha ya Joe, na mwaka 1976 wakaeneza jina linalotumika mpaka leo.

Jina hilo wamelijenga juu ya neno la Kigiriki, apnoia, lenye maana ya kutokuwa na pumzi. Ubora wake, kwa maoni ya mwandishi, si Ugiriki wake. Ubora wake ni kwamba linataja tukio moja linaloweza kuonekana na kuhesabiwa, wala halisemi lolote kuhusu unene, tabia, au sababu. Guilleminault na wenzake waliweka na kipimo: pumzi isimame kwa muda wa nukta 10 au zaidi, na mambo hayo yatokee si chini ya mara 30 katika usingizi wa saa saba. Siku hizi huhesabiwa kwa saa moja moja, na pumzi zilizopungua huhesabiwa pamoja na zile zilizosimama. Kwa kipimo hicho cha baadaye, uchunguzi uliofanywa Wisconsin na kutangazwa mwaka 1993, kwa watu 602 wa miaka 30 hadi 60, ulionyesha kwamba asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na matukio matano au zaidi kwa saa. Maradhi yaliyodhaniwa kuwa ya nadra yakawa ya watu wengi, na kilichobadilika si watu, ni namna ya kuwatazama.

Sasa tuje kwenye moyo.

Ili kuona moyo unafanya nini usiku ilibidi kwanza pawe na chombo. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikuwa ametengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kuchora umeme wa moyo, lakini mgonjwa alipaswa kuifuata mashine. Ni Norman Holter wa Montana, Marekani, ambaye mwaka 1961 alieleza chombo ambacho mtu anaweza kukivaa na kwenda nacho saa nyingi, akilala na akiamka. Mwaka 1977 Tilkian, Guilleminault na wenzao waliwaeleza wagonjwa 15 waliopimwa mioyo yao usiku. Karibu wote mapigo yao yaliyumba sana pumzi zilipokuwa zikisimama, na kwa baadhi moyo wenyewe ulisimama kwa nukta kadhaa. Walipotobolewa shingo ili hewa ipite, sehemu kubwa ya mvurugiko huo iliondoka. Mwaka 1983 kundi hilo la Stanford lilitoa hesabu ya wagonjwa 400, ambao karibu nusu yao, yaani 193, walikuwa na mvurugiko wa mapigo usiku.

Mambo yanayotokea mwilini yanastahili kuelezwa taratibu, maana mfasiri asiyeyaelewa hawezi kuyapatia maneno. Koo la mtu aliyelala hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mpaka kuta zake zikagusana. Kifua kinaendelea kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Basi msukumo wa hewa ndani ya kifua hushuka sana, na vyumba vya juu vya moyo, ambavyo kuta zake ni nyembamba, huvutwa na kutanuka. Wakati huohuo oksijeni katika damu inapungua. Mwili unafanya kama ufanyavyo mzamiaji apigapo mbizi: neva ya vagasi inaushika moyo na kuupunguza mwendo ili uitumie oksijeni kwa uangalifu. Hapo ubongo unashtuka. Mlalaji anakoroma kwa nguvu, hewa inaingia, neva za kuamsha mwili zinafunguliwa, shinikizo la damu linaruka, na moyo uliokuwa ukienda polepole unakwenda mbio. Baada ya dakika moja au chini ya hapo, koo linalegea tena. Polepole, mbio, polepole, mbio, hivyo usiku kucha, kwa miaka. Si jambo la kushangaza ikiwa nyuzi za umeme za moyo zitachoka na kupoteza mpangilio.

Mvurugiko uliochunguzwa zaidi ni ule ambao vyumba vya juu vya moyo haviminyi tena kwa pamoja bali vinatukutika ovyo, damu inatuama ndani yake, huenda ikaganda, na bonge la damu huweza kwenda kichwani na kuleta kiharusi. Thomas Lewis wa London aliuonyesha kwa mchoro wa umeme mwaka 1909. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, madaktari walikuwa na jina la Kilatini kwa mapigo yasiyo na mpangilio wowote: delirium cordis, yaani kuweweseka kwa moyo. Hatupendekezi kulirudisha, lakini mwandishi anakiri kwamba analionea wivu. Kuweweseka katika Kiswahili ni jambo la mtu aliye usingizini, na waliolibuni jina hilo la Kilatini hawakujua hata kidogo kwamba usingizi ungekuja kuhusishwa na ugonjwa huo.

Uhusiano wenyewe ulionekana katika hesabu tangu mwanzo wa karne hii. Mwaka 2003 madaktari wa Mayo Clinic huko Minnesota walitoa habari za wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa imerudishwa katika mpangilio kwa umeme. Kati ya waliokuwa na shida ya pumzi usingizini bila kutibiwa, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 82 katika muda wa mwaka. Kati ya waliotibiwa, kwa asilimia 42. Mwaka 2004 wataalamu wa hukohuko waliona kwamba asilimia 49 ya wagonjwa wa kutukutika kwa moyo walikuwa na dalili za shida ya pumzi, dhidi ya asilimia 32 ya wagonjwa wengine wa moyo. Mwaka 2005 walichunguza vifo vya ghafla 112 vilivyotokana na moyo, wakaona kwamba wenye shida ya pumzi walikuwa wamefariki zaidi kati ya usiku wa manane na saa 12 alfajiri, saa ambazo watu wengine huwa katika hatari ndogo kuliko zote.

Kwa takwimu kama hizo, mwandishi wa kikaratasi chochote angeshawishika kuandika "husababisha". Na tiba nayo ilikuwepo. Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alikuwa ameonyesha mwaka 1981, kwa wagonjwa watano, kwamba hewa inayosukumwa mfululizo puani kwa mashine hulizuia koo lisijifunge, na tundu la shingoni likawa halihitajiki tena kwa wengi. Lakini watu walipogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mashine na jingine lisipewe, majibu hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2016, wa watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuona kwamba mashine ilizuia mashambulio mapya, ingawa kwa wastani watu hao waliivaa saa tatu na kitu tu kwa usiku. Uchunguzi wa Norway wa mwaka 2021, uliohusu hasa kutukutika kwa vyumba vya juu vya moyo, haukuona kupungua kwa ugonjwa huo katika muda wa miezi mitano. Unene, shinikizo la damu na umri huyaleta maradhi yote mawili, na bado wataalamu wanabishana ni fungu gani la madhara litokalo kwenye pumzi zenyewe.

Kwa hiyo kitenzi anachokichagua mfasiri ni sehemu ya taarifa ya sayansi. "Husababisha" kinasema jambo ambalo halijathibitishwa kwa ukamilifu. "Huambatana na" kinasema kile kilichohesabiwa. "Huongeza uwezekano wa" kiko katikati, na kwa maoni yetu ndicho kifaacho katika maelezo ya mgonjwa, pamoja na kumwambia akapimwe. Vitenzi hivi vitatu visitumiwe kama visawe kwa ajili ya kupamba insha. Walimu wa tafsiri wangefanya vyema kuvitungia zoezi.

Tukirudi kwenye nomino, "jinamizi" haifai, kwa sababu jinamizi ni hofu ya ndotoni ya mtu anayehisi amekabwa, na mwenye shida ya pumzi kwa kawaida hahisi wala hakumbuki chochote. "Ugonjwa wa kukoroma" ni kosa lilelile la dalili za Pickwick kwa vazi jingine, kwani wengi hukoroma bila ugonjwa huo, na ile namna aliyoiona Cheyne yaweza kuwapo pasi na mkoromo wowote. "Kukata pumzi" iko karibu mno na kukata roho. "Kukoma kwa pumzi" imetumiwa na waandishi kadhaa, lakini kukoma ni kwisha. Pumzi hizi haziishi. Zinasimama zikaendelea, na hilo ndilo umbo lake. Lugha inacho kitenzi cha jambo hilo: kusita. Mvua husita ikaanza tena, na msemaji husita kisha akaendelea. Lakini "kusita" kama nomino hakihesabiki, na tumeona kwamba ugonjwa wenyewe hujulikana kwa kuhesabu. Daktari anataka kusema "30 kwa usiku". Ndiyo maana tumependekeza umbo la m-/mi-, kama msukumo na misukumo: msito wa pumzi, misito ya pumzi. Mwenzetu mmoja kazini alilalamika kwamba masikioni mwake misito inakuwa misitu. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini mgonjwa hawezi kuambiwa kwamba ana misitu 30 ya pumzi naye asiulize maana yake.

Namna mbili za msito zaweza kutofautishwa kwa maneno ya kawaida: msito wa kuzibwa, pale koo lifungapo, na msito wa ubongo, pale amri ya kuvuta pumzi isipotoka. Kwa upande wa moyo tunapendekeza "mvurugiko wa mapigo" kwa jumla, na "mtukutiko wa vyumba vya juu" kwa ugonjwa wa Lewis. "Mshtuko wa moyo" libaki kwa maana yake iliyozoeleka, yaani pale damu inapokosa kulifikia fungu la msuli wa moyo. Umeme unaotolewa na daktari ili kurudisha mpangilio usiitwe mshtuko wa moyo kamwe, mgonjwa asije akakimbia tiba.

Limebaki neno moja ambalo halijapatikana. Ni lile la pumzi inayopungua bila kusita kabisa, ambayo madaktari huihesabu pamoja na misito katika hesabu ya kila saa. Tumejaribu "mfifio wa pumzi" na "mpunguo wa pumzi". La kwanza wengine wanaona ni la kishairi mno, la pili wanaona ni la kihasibu. Wasomaji, hasa wauguzi na wafasiri wa hospitali ambao wamesikia wenyewe watu wanavyosema, wanaombwa kuleta mapendekezo yao.